Simu Iliyolia Kwenye Sinia

Ofisini walimwita Bwana Tutaangalia, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Ukimpelekea ombi la likizo atalisoma, ataligeuza upande wa nyuma ambako hakuna kitu, kisha atasema, "Tutaangalia." Ukimwambia paa linavuja juu ya kabati la mafaili, ataliangalia kabati, ataliangalia paa, na atakujibu vilevile. Hakuwa mtu mbaya, masikini. Ila aligundua mapema, angali ana nywele kichwani, kwamba katika utumishi wa umma mtu hafukuzwi kwa jambo ambalo hakuliamua, na tangu siku hiyo akaishi kwa amani na kila mtu.

Basi nchi ilipozinduka kwamba inahitaji kiongozi wa usalama wa mtandao, ikamchagua yeye.

Msishangae. Serikali ilikuwa imetunga mkakati, kitabu kinene chenye picha ya kufuli kwenye jalada, na ndani yake iliandikwa kwamba lazima pawe na kiongozi mmoja, anayejulikana, wa kutoa amri siku wadukuzi watakapovamia. Kila mtu aliipenda sana sentensi hiyo. Ugomvi ulianzia pale pa kumtaja huyo mmoja. Kanali, mkuu wa upande wa ulinzi, alisema uvamizi ni uvamizi, uje kwa miguu au uje kwa waya, na wa kuuzuia ni jeshi. Daktari, mkurugenzi wa mawasiliano, ambaye udaktari wake ulikuwa wa vitabu na si wa sindano, alisema hizo waya ni zake, na haiwezekani mgeni aje kuamuru ndani ya nyumba ya mtu. Kamishna wa polisi, mama mpole wa sauti na mgumu wa shingo, aliuliza tangu lini mwizi akakamatwa na wizara. Methali ya manahodha wengi na chombo kwenda mrama ilitajwa katika kila kikao, na kila aliyeitaja alikuwa anawatazama wenzake.

Mwisho wakachoka. Wakaunda baraza lenye wenyeviti watatu walio sawa, na chini ya baraza wakamweka Mratibu wa Taifa. Mratibu ataratibu, kuamuru, hataamuru. Sifa ya kwanza iliyotakiwa ni kwamba asiwe mtu wa yeyote kati yao. Ya pili, ambayo haikuandikwa popote, ni kwamba asimtishe yeyote. Jina la Bwana Tutaangalia likapita bila kupingwa, jambo ambalo baraza lile halikuwahi kulifanya tena. Akapewa ofisi yenye zulia, kibao mlangoni na kiti cha kuzunguka. Kilikuwa kilemba cha ukoka, na nadhani mwenyewe alijua, lakini alikivaa kwa heshima zake zote.

Aliyecheka waziwazi ni dada yake peke yake.

Huyu dada ndiye aliyemlea. Wazazi wao walipofariki kwa kufuatana, wajomba na baba wadogo walijaa sebuleni kujadili watoto wachukuliwe na nani. Kila mmoja alikuwa na hoja nzito ya kwa nini jukumu ni la mwenzake. Dada, msichana ambaye hata shule hakuwa amemaliza, aliwasikiliza kutoka jikoni mpaka jua likageuka. Kisha akainjika chungu, akapika, akapakua, akawaita wadogo zake: "Njooni mle. Hawa wakimaliza kuzungumza watanikuta hapa." Wakubwa wakatazamana. Wakala na wao, wakashukuru, wakaenda zao. Hakuna aliyemteua yule msichana, na hakuna aliyewahi kumuuliza kwa mamlaka gani.

"Kwa hiyo wewe ndiye mkubwa wao wote?" alimuuliza mdogo wake alipoletewa habari za cheo.

"Mimi ni mratibu, Dada."

"Mratibu anafanya nini?"

"Anawakutanisha wanaoamua."

"Na wakikutana wanaamua?"

Akafikiri. Uongo kwa dada yake haukuwahi kumtoka vizuri. "Tutaangalia," akasema.

Dada alicheka mpaka akashika kifua, kisha akaendelea kukishika baada ya kicheko kwisha. Ndiyo siku walipojua. Mlango mmoja wa moyo wake ulikuwa umechoka, na madaktari wa hospitali kuu walisema hauponi kwa vidonge. Lazima wafungue, wauondoe, waweke mwingine. Akapangiwa Jumatatu.

Sasa, Jumatatu ilikuwa siku ya simu.

Simu yenyewe ilikuwa ya kawaida tu, nyeusi, ya mkononi, lakini namba yake ilibandikwa ukutani katika kila ofisi ya umma: hospitali, maji, umeme, shule, ardhi. Ukiona kompyuta zinafanya mambo yasiyoeleweka, piga hapa, upokee amri. Baraza liliipitisha namba mapema kabisa. Likakwama kwenye swali la simu ikae meza ya nani, maana wote watatu walielewa, bila kuambizana, kwamba mwenye simu ndiye kiongozi, hata vikao viseme nini. Mafahali hawakai zizi moja, lakini simu ni moja. Wakaamua izunguke: wiki hii kwa Kanali, wiki ijayo kwa Daktari, inayofuata kwa Kamishna, na kila Jumatatu asubuhi ikabidhiwe hadharani, kwenye ngazi za jengo la baraza.

Mwanzoni makabidhiano yalikuwa mafupi kama kupeana mkono. Baadaye akaja mpiga picha. Akishafika mpiga picha, hotuba haiko mbali. Likatafutwa sinia la shaba, likatandikwa kitambaa cha kijani, na kwa kuwa hakuna mkuu aliyekubali sinia libebwe na mtu wa mwenzake, akapewa Mratibu. Utaratibu ulikuwa hivi: anayetoka anaweka simu kwenye sinia, anasema "Nimekabidhi." Anayeingia anahutubia, kisha anaichukua kwa mikono miwili, anasema "Nimepokea." Ulikuwa utaratibu mzuri, wenye adabu, na kati ya neno la kwanza na la pili simu ile ilikuwa haina mwenyewe. Wasomi wote wale hawakuliona hilo. Kwa haki, hata Bwana Tutaangalia hakuliona. Yeye alikuwa akiwaza jinsi mikono inavyouma.

Jumapili alasiri alikwenda wodini. Alimkuta daktari wa upasuaji pembeni ya kitanda, kijana mwenye vidole virefu, akimweleza Dada mambo ya kesho kwa upole. Picha za moyo wake zilikuwa ndani ya kompyuta za hospitali. Yeye atakuwa anafanya kazi huku anaziangalia kwenye skrini, pamoja na mapigo, pamoja na damu.

"Zamani tulikuwa na picha za kushika mkononi, mama. Siku hizi vyote vimo humo."

"Basi umeme usikatike," akasema Dada.

"Jenereta ipo."

"Na hizo kompyuta zenyewe zikigoma?"

Kijana akatabasamu. "Hizo tunaambiwa zina mratibu wa taifa."

Dada akamgeukia mdogo wake. Yeye alitazamia kicheko, hakukipata. Dada alimtazama kama alivyokuwa akimtazama zamani anapomtuma mbali akiwa mdogo, akijiuliza kama atarudi na alichotumwa.

"Kesho utakuwepo?" akamuuliza.

"Makabidhiano yakiisha tu, Dada, naja moja kwa moja."

"Nenda kabebe sinia lako. Mimi nitakuwa nimelala, sitajua nani yupo nani hayupo."

Alisema hivyo kumrahisishia, na yeye alijua, na ikamuuma. Alimpenda yule mwanamke kuliko mtu yeyote duniani, na hakuwahi kumfanyia jambo lolote ambalo halikuwa limeshaamuliwa na mtu mwingine.

Asubuhi ya Jumatatu Kanali alitoka akiwa amenyooka kama kawaida yake. Daktari alisubiri ngazi ya chini, karatasi ya hotuba mkononi. Kamishna alisimama kando kama shahidi. Mratibu katikati, sinia mikononi, macho kwenye saa ya ukutani. Wakati huo Dada alikuwa ameshaingizwa chumba cha upasuaji. Kanali akaweka simu juu ya kitambaa.

"Nimekabidhi," akasema.

Daktari akakohoa kidogo, akafungua karatasi, akaanza kwa kuwatambua waheshimiwa waliopo. Simu ikalia.

Kwanza kila mtu alijipapasa mfukoni, akiwa ameudhika na utovu wa adabu wa mwenzake. Kisha wakaona kitambaa kinatetemeka. Tangu namba ile ibandikwe ukutani, haikuwahi kulia hata mara moja.

"Ipokee," Daktari akamwambia Kanali.

"Mimi nimeshakabidhi."

"Na mimi bado sijapokea."

Wakamtazama Kamishna. "Mimi zamu yangu bado kabisa," akasema kwa sauti yake ya upole, na akasogea nyuma hatua moja ili lisiwepo shaka.

Simu ikanyamaza. Wakashusha pumzi wote watatu kwa pamoja, na Daktari akatafuta alipoishia kwenye karatasi. Ikalia tena.

Sinia ni kitu cha mikono miwili. Bwana Tutaangalia alitazama kushoto, akatazama kulia, hakuona meza. Akamgeukia Kanali, akamwambia kwa unyenyekevu mkubwa, "Samahani mzee, nishikie kidogo," na Kanali, mtu aliyezoea tangu ujana kupokea anachokabidhiwa, akalishika. Mratibu akaichukua simu.

"Hallo! Dharura?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya haraka. "Naongea kutoka kituo cha mtandao wa serikali, mimi ni mhandisi wa zamu. Kuna kirusi kinafunga kompyuta. Kimemaliza Ardhi yote, sasa kiko Elimu, kinapita kwenye njia zetu za ndani. Wanaofuata ni Afya na hospitali zake zote. Nikikata mtandao mzima sasa hivi hakifiki huko. Nikichelewa kinafika. Lakini siruhusiwi kukata bila amri ya kiongozi. Leo kiongozi ni nani?"

Akawaeleza wakuu wake maneno hayo yote, simu ikiwa bado sikioni. Walimsikiliza kwa makini. Watu husema viongozi wale hawakujali. Huo ni uongo, walijali sana.

"Kwanza tathmini," akasema Kanali juu ya sinia. "Jeshi halipigi risasi gizani."

"Haiwezekani kukata," akasema Daktari. "Mheshimiwa Waziri yuko hewani, anahutubia mkutano wa kimataifa kwa video. Mkutano wenyewe ni wa usalama wa mtandao!"

"Na ukikata unaharibu ushahidi," akasema Kamishna.

"Tuingie ndani, tuitishe kikao cha dharura. Akidi tunayo," akaongeza Daktari.

"Naam. Mwambie asubiri," wakasema wenzake.

Mwambie asubiri. Maneno hayo aliyajua. Kwa miaka yote ya kazi yake ndiyo yaliyomlisha na kumvisha. Alifungua mdomo ayaseme kama alivyozoea, na mdomoni hayakuwemo. Alichokiona mbele yake si ngazi wala wakuu. Aliona kifua cha dada yake kimefunguliwa, kijana wa vidole virefu ameinua macho, na skrini nyeusi. Kijasho chembamba kikamtoka mgongoni. Aliogopa, na nisimpambe, aliogopa sana.

"Hallo? Bado uko?" akauliza mhandisi. "Kaka, Elimu inaishia hivyo!"

"Kata," akasema.

"Nani anaamuru?"

Neno lenyewe ni dogo. Kwenye vikao vya kugawana kiti alikuwa amelisikia likisemwa kwa nguvu na watu watatu kwa wakati mmoja, na yeye ndiye aliyeandika muhtasari. Kulisema mwenyewe hakuwahi.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mratibu."

"Lakini si Mratibu anaratibu tu?"

"Ndiyo, ni kweli. Kata, mwanangu, nakuomba." Kisha akasimama wima. "Hapana, sikuombi. Kata!"

Mhandisi akakata.

Walijua kwa sababu madirisha ya jengo yalianza kufunguka moja baada ya jingine, na vichwa vikachungulia kuuliza kama na kwa jirani mtandao umekwenda. Huko ghorofani, tuliambiwa baadaye, Waziri aliganda kwenye skrini za mataifa akiwa amefumba jicho moja, kidole juu, katikati ya neno "uthabiti."

"Nani ameamuru?" Daktari akapiga kelele, ingawa alikuwa amesimama palepale na kusikia kila kitu.

Vidole viwili vikamwelekea Mratibu. Cha Kanali hakikuweza, kwa ajili ya sinia. Akaambiwa aende ofisini mara moja, aandike maelezo ya kwa nini asichukuliwe hatua. Akaitikia "Ndiyo, mzee," akaiweka simu taratibu juu ya kitambaa, akashuka ngazi, akavuka barabara, akaenda hospitali.

Kwenye korido ya upasuaji alimkamata muuguzi wa kwanza aliyepita. "Kompyuta zenu?"

"Zina nini? Za ndani zote zinafanya kazi. Mtandao wa nje tu ndio umekatika, watu wanalalamika." Muuguzi akamtazama vizuri. "Baba, kaa chini. Unaumwa?"

Akakaa kwenye benchi na kulia kama mtoto, mtu mzima yule, mwenye ofisi ya zulia. Alikuwa bado kwenye benchi lile saa kadhaa baadaye, wakati kijana wa vidole virefu alipotoka na kuvua barakoa, akamwambia mlango mpya umekaa vizuri na moyo unapiga wenyewe.

Kufikia alasiri habari zilikuwa zimeenea: Ardhi imefungwa, Elimu imefungwa, hospitali zote zimesalimika. Hapo ndipo upepo ulipogeuka. Barua ya kudai maelezo haikuandikwa tena. Kanali aliwaambia waandishi wa habari kwamba wakati amri inatolewa, sinia lilikuwa mikononi mwa ulinzi, na kama wana shaka, picha ipo. Picha ilikuwepo kweli, na ilitoka vizuri. Daktari alikumbusha kwamba waya zilizokatwa zilikuwa zake. Kamishna alisema yeye tangu mwanzo alisisitiza haraka. Taarifa rasmi ikasema nchi imeokolewa na uongozi wa pamoja, na kwa kuwa Mratibu ndiye aliyekuwa na mwandiko wa ripoti, ripoti akaiandika yeye. Jina lake hakulitia, na kusema kweli hakulitamani.

Siku zilizofuata baraza lilikaa kutafakari mafunzo. Liligundua pengo kubwa: simu ya dharura inaweza kulia wakati wa makabidhiano, na kuwaweka viongozi katika mazingira magumu. Pengo likajadiliwa kwa kina, pande zote zikasikilizwa, na dawa ikapatikana. Kuanzia sasa, makabidhiano yakiendelea, simu izimwe. Mratibu akakumbushwa pia, kwa lugha ya kiungwana, kwamba yeye huratibu.

Jumapili alimsimulia Dada. Alikuwa ameketi kitandani, amekonda, macho yake yamerudi kuwa yale ya jikoni.

"Izimwe?" akauliza.

"Izimwe."

"Ili isilie?"

"Ili isiwasumbue."

Dada akashika mshono kwa mikono miwili. "Usinichekeshe, mdogo wangu, utanipasua upya!" Alicheka bila sauti, machozi yanamtoka, na mdogo wake akacheka naye. Kisha wote wawili wakatazama kitanda cha jirani. Mama mmoja alikuwa amelala pale, mkono juu ya kifua, na karibu naye mwanamume wa makamo akimmenyea chungwa, akitoa kokwa moja moja kwa uangalifu zisije zikampalia.

"Yule anafanyiwa lini?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Kesho asubuhi," akasema Dada. "Na huyo anayemmenyea ni mdogo wake."

Hakumwambia lingine. Alirudi kulala, akavuta shuka, kama mtu aliyekwisha kupakua na kuita.

Kesho yake Daktari ndiye aliyekuwa anakabidhi, Kamishna anapokea. Mpiga picha alikuwa tayari. Kabla ya kuanza, Daktari akainama juu ya sinia.

"Imezimwa?"

"Naizima, mheshimiwa," akasema Mratibu, na mbele ya wote akabonyeza kitufe cha pembeni. Kioo kikawa cheusi. Kioo tu. Sauti alikuwa ameshaiondoa kwa kidole gumba tangu Daktari alipoiweka kwenye sinia, akaacha ile ya kutetemeka.

"Nimekabidhi," akasema Daktari.

Kamishna akafungua hotuba yake. Ilikuwa ya kurasa kadhaa, ilianza na historia. Bwana Tutaangalia hakuisikiliza. Alilivuta sinia taratibu mpaka ukingo wake ukagusa kifua, akasimama hivyo, ili simu ikitetemeka awe wa kwanza kujua.